Figo ya Kushoto ya Baba

Baba alishikwa na maumivu ubavuni Jumamosi asubuhi, akiwafungulia ng'ombe. Alikaa chini palepale zizini, akatapika. Nilikuwa nimetoka Moshono kuja kumsalimia, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena sipendi kushauriwa, niliamua mara moja: ni mgongo, achinjiwe mbuzi.

Kwetu Waarusha, mzee akiumwa hupewa supu iliyochemshwa na magome na mizizi, na haachi kunywa mpaka mbuzi aishe. Dada yangu alipiga simu kutoka Kaloleni.

"Kaka, mpeleke hospitali leo. Mgongo hautapishi mtu."

"Wewe mjini kumekusahaulisha kwenu," nikamjibu, nikakata.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu mwenyewe akiwa mjinga anavunjika nani. Nilikoroga ile sufuria kwa mikono yangu. Baba alikunywa jasho likimtoka, nami nikatangaza kwamba dawa inafanya kazi. Jumanne mbuzi alikwisha, na baba akakojoa damu. Ndipo nikatafuta gari.

Daktari, mdogo hata kwa dada yangu, alinionyesha picha ya kipimo. Figo ya kulia iling'aa. Ya kushoto ilikuwa giza tupu. Alinieleza kuwa moyo wa baba ulikuwa ukidunda bila mpangilio, damu ikaganda humo, kisha bonge likachomoka na kwenda kuziba mshipa wa figo.

"Tungetoboa tundu dogo tu hapa kwenye kinena," alisema, "tukapitisha mrija mwembamba hadi kwenye mshipa, tukalivuta lile bonge. Hakuna kupasua. Lakini figo ikikosa damu inasubiri saa chache, haisubiri siku. Maumivu yalianza lini?"

"Jumamosi."

Aliandika. Afadhali angenifokea.

Baba yuko nyumbani sasa. Anameza vidonge vya kuzuia damu isigande, na figo moja inafanya kazi ya mbili. Sijawahi kumweleza aliyoniambia daktari. Kila nikijaribu, naona aibu, nauliza habari za ng'ombe.

Jumapili iliyopita majirani walikuja kumwona baada ya ibada. Baba alinishika mkono mbele yao.

"Huyu mwanangu hakuniacha," akawaambia. "Siku zote tatu nilizoumwa, alikaa nami hapa hapa."

Wakanisifu. Dada yangu, aliyekuwa akimimina chai, aliinamisha kichwa. Nami nikasema, "Asante, baba."