Maharage ya Maji Matatu

Tusekile alipika maharage kwa maji matatu. Maji ya kwanza yalikuwa ya kuloweka, alfajiri akayamwaga. Ya pili yalichemka mpaka yakawa mekundu na kunukia ua mzima, nayo akayamwaga nyuma ya jiko. Ndipo akaweka ya tatu, kuni zenyewe mbichi kwa mvua za huku kwetu, na yakishaiva anampakulia mumewe vijiko vinne vikavu na wali kidogo. Mimi ni jirani yake hapa Matwebe, tumetenganishwa na migomba tu, na kwa miezi saba nilimwona akimwaga chakula nikauma midomo.

Hakuwa na kichaa. Mumewe, Ambindwile, figo zilikuwa zimekufa zote mbili. Daktari kule Mbeya alitaja mashine ya kusafisha damu. Walipoisikia bei yake, walishukuru, wakapanda gari wakarudi nyumbani. Kilichobaki kikawa chakula. Muuguzi aliwaeleza kuwa yako madini ambayo figo zile haziwezi tena kuyatoa, na yakijaa mwilini moyo unasimama. Asile ndizi. Parachichi asiguse. Viazi aviache. Mchuzi wa maharage asiuonje kabisa. Sasa niambie, mtu wa Rungwe hapo umemwachia nini? Shambani kwao vilikuwa hivyo hivyo vinne, ndizi, parachichi, viazi na maharage. Mchele unatoka Kyela na unataka hela, nyama waliiona Krismasi. Basi maharage yakabaki, machache, yaliyochemshwa mpaka yakapoteza rangi, kwa sababu mtu lazima ale kitu.

Na Tusekile huyu ndiye tuliyekuwa tukimwita kwenye harusi apike maharage. Alikuja kuolewa hapa kutoka Suma akiwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mcheshi, anachuma chai kwa kibarua huku akiwaiga manyapara mpaka wenzake wanadondosha vikapu. Maharage yake ya kablanketi, aina tunayoipenda huku, yalikuwa na mchuzi mzito unaokaa kwenye kijiko. Kuharibu chakula kwa mikono yako mwenyewe kila siku, wakati ndicho kitu pekee ulichowahi kusifiwa, ni adhabu. Alikonda kuliko mgonjwa.

Uani mle mle, kwenye nyumba ndogo ya matofali, aliishi baba mkwe wake, Mzee Meshaki, mjane wa miaka minne. Kwa mila yetu sisi Wanyakyusa, mwanamke hamsogelei baba wa mumewe. Siku hizi wengi wameacha. Kule mjini utawakuta mkwe na baba mkwe kwenye kochi moja wanaangalia taarifa ya habari. Kwa Mzee Meshaki ilikuwa marufuku. Miaka ishirini na miwili Tusekile hakuwahi kumtazama usoni wala kumwambia neno. Akimwona anakuja, anaingia kwenye migomba mpaka apite.

Kwa hiyo chakula cha mzee kilipelekwa na Ambindwile. Tusekile alimpikia mzee maharage yake mbali, yenye mchuzi kama inavyotakiwa, na mumewe akabeba mabakuli mawili, lake na la baba, wakaenda kula pamoja. Wanaume wawili wanakula kwa amani. Nani angeona ubaya hapo?

Mwezi wa saba wa kupika hivyo, miguu ya Ambindwile ilivimba ikawa haiingii kwenye ndala, na vipimo vikarudi vibaya kuliko mwanzo. Muuguzi alimfokea Tusekile mbele za watu. "Mama, unampa nini huyu?" Tusekile alikuja kwangu akalia.

Jibu alilipata siku aliyokwenda kukata majani ya mgomba nyuma ya nyumba ya mzee. Dirisha lilikuwa wazi. Alimwona mzee akisukuma bakuli lake la mchuzi kwa mwanawe, na kulivuta kwake lile la maharage yaliyofuliwa.

"Kula, mwanangu," mzee alisema. "Mimi shibe itanisaidia nini?"

Na Ambindwile akala.

Jioni alimuuliza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Baba Tulia, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" alijibu. "Baba ananipa chakula chake mwenyewe. Nikikirudisha, atafikiri namshuku kaniwekea sumu."

Tusekile akanituma mimi kwa mzee. Nilikwenda, nikapewa kigoda, nikaeleza yote, madini, figo, moyo. Mzee alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Watoto saba nimewakuza kwa mchuzi huo," alisema. "Sijazika hata mmoja kwa sababu ya maharage. Huyu anakufa kwa njaa, na wewe una macho. Mwambie mwenzio aache kumwaga chakula cha mwanangu."

Nilitoka nimemkasirikia, na bado nilimwonea huruma. Alikuwa anajinyima ili mwanawe aishi, kama Tusekile alivyokuwa akijinyima. Wote wawili walimpenda mtu mmoja na walikuwa wanamvuta huku na huku.

Tusekile akabadili. Akaanza kuchemsha maharage yote kwa maji matatu, ya mzee na ya mumewe, wakibadilishana wabadilishane. Mzee alivumilia siku mbili. Siku ya tatu, saa sita mchana, tukiwa tunapepeta mahindi, tuliona moshi ukitoka kwenye nyumba ndogo. Tangu mkewe afe hakuwahi kuwasha moto. Alikuwa amefungua debe la mbegu ya maharage, lile la kupanda mwezi wa tatu, akaikung'uta majivu ya kuzuia wadudu, akapika. Harufu ilitufikia, nzito, tamu, na nakiri mate yalinijaa.

Tusekile aliweka ungo chini akaondoka. Nilimfuata nikidhani anakwenda kuita dirishani. Aliingia mlangoni. Mimi nikasimama kwenye kizingiti.

Alisimama mbele ya baba mkwe wake, hatua mbili tu, mzee akiwa ameketi kati yake na mumewe, ambaye tayari alishapewa bakuli la mchuzi. "Baba," alisema, "nakuomba. Mchuzi huo unamuua. Usimpe."

Mzee alifumba macho, akageukia ukutani, akavuta koti akajifunika kichwa. Sidhani kama alisikia hata neno moja zaidi ya ile sauti, sauti ya mkwe, ndani ya nyumba yake.

"Mama Tulia, toka," Ambindwile alisema.

"Sitoki. Weka bakuli chini."

"Umemvua baba yangu nguo."

"Baba Tulia, utakufa. Weka chini!"

Alimwangalia mkewe, akamwangalia mzee aliyejikunyata chini ya koti. Nilimwona akichagua. Akalishika bakuli kwa mikono miwili, ile mikono iliyovimba, akanywa. Hakunywa kwa uchu. Alikunywa polepole, kwa kelele, makusudi, ili aliyejifunika asikie kila funda likishuka. Tusekile alinyoosha mkono, na mkono ukaishia njiani, kwa sababu kumfikia mumewe angelazimika kumgusa mzee.

Ambindwile alikombeleza mpaka chini, akafuta mdomo. "Ndaga fijo, baba," alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa. "Ni tamu."

Koti likashuka taratibu. Mzee hakutazama upande tuliosimama sisi. Alilichukua bakuli, akaligeuza kwenye mwanga, akaona ni tupu, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu amzike mkewe.

"Umemaliza yote," alisema. "Mbegu bado ipo nusu debe. Kesho nitakupikia tena."