Ng'ombe wa Ubaoni

Katika chuo kile kulikuwa na mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Mzee Chaki, na jina likamkaa hata wakubwa wake wakalisahau lile alilopewa na wazazi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mtoto alikulia chini ya meza ya kukatia, akitazama chaki inavyopita juu ya kitambaa, shwaa, mstari mmoja bila kurudia. Basi mkono aliurithi, kilichobadilika ni kitambaa tu. Baba alichora suruali, mwana akaja kuchora ng'ombe.

Alifundisha maumbile ya mnyama kwa wale wanaosomea udaktari wa mifugo. Jumatatu asubuhi ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mzee huingia, hugeukia ubao bila salamu, na pale penye weusi mtupu hutokea pua, paji, shingo, mgongo, kisha matumbo yote manne, kila moja na rangi yake, lile kubwa la kucheulia akilipaka kijani. Akimaliza hupangusa vumbi mikononi, hugeuka, na ukumbi mzima hupiga makofi. Simu zinapanda juu kupiga picha. Wahadhiri wengine walikuja kuchungulia mlangoni, na baadhi yao, tusifichane, walikuja kwa kijicho. Projekta ilipoletwa ikafungwa darini, lakini kwa Mzee Chaki walioitumia ni buibui.

Masomo ya pale yalikuwa na mpango wake. Mwanafunzi alikaa kitini miaka mitatu akisikiliza, mwaka wa nne ndipo akateremka bandani kumgusa mnyama mwenyewe. Nani aliupanga hivyo hakuna aliyekumbuka. Mtaala ni kama kabati la nyumba ya urithi: kila anayepita huongeza kitu juu, wa kutoa hayupo.

Mzee hakuwa na desturi ya kushuka bandani. Si kwa dharau, ndivyo kazi zilivyogawanywa tangu hapo. Lakini mwaka mmoja mhadhiri wa upasuaji alianguka bafuni akavunjika mguu, na mtihani wa kwanza wa vitendo, ule wa kuufungua mwaka wa nne, ukakosa msimamizi. Mzee akaazima mabuti, yakawa makubwa, akaenda hivyo hivyo, pwata pwata.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Pale bandani pana ng'ombe mzima, hana hili wala lile. Mwanafunzi aingie peke yake, asikilize tumbo la kucheulia, aseme liko katika hali gani.

Wa kwanza kuingia alikuwa msichana mrefu waliyemwita Kamusi, maana hukuweza kumuuliza jina la mfupa akalikosa. Mzee alimpenda kama mwanawe. Kamusi akavaa stetoskopu masikioni, akamsogelea ng'ombe, akainama, akasikiliza. Akahamisha kidogo. Akasikiliza tena.

"Mwalimu," akasema kwa huzuni, "huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa?"

"Tumbo limesimama. Kimya kabisa."

Ng'ombe naye yupo anatafuna zake, jicho nusu limefumba, kama bibi aliyeshiba.

"Tumbo hilo linakaa ubavu gani, mwanangu?"

"Wa kushoto, Mwalimu."

"Na wewe umesimama ubavu gani?"

Kamusi akatazama kichwa cha ng'ombe. Akatazama mkia. Sauti ikamshuka. "Wa kulia." Kisha, kama mtu anayejitetea kwa mzazi: "Lakini ubaoni huwa liko huku, Mwalimu. Huku mbele yangu."

Kweli, ubaoni lilikuwa hivyo. Miaka yote Mzee alimchora ng'ombe wake kichwa kikiwa upande wa dirisha, kwa hiyo ubavu wa kushoto ndio uliowakabili waliokaa. Kule bandani ng'ombe alifungwa ameelekea upande mwingine. Midomo ya wanafunzi ilijua kushoto, ila miguu yao ilijua ubao.

Aliyefuata akaja akasimama palepale. Na wa baada yake. Wachache walizunguka, wale waliotoka kwenye mifugo kwao, wengine wote wakamkuta ng'ombe yule yu mahututi. Mmoja alikwishaanza kutaja dawa za kumpa. Mtunza zizi, aliyekuwa ameshika kamba, uvumilivu ukamwishia.

"Jamani, mtaniulia ng'ombe wangu kwa huruma!"

Mzee akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alasiri, kwenye chumba cha chai, akawauliza wenzake: "Hivi ni nani anayewafundisha hawa kumzunguka mnyama, kumjua huku na huku, kabla ya kumshika?"

"Si wewe?" akasema mhadhiri wa magonjwa. "Mimi najua wanakuja nalo kutoka kwako."

"Mimi najua wanalipata kwako."

"Nilidhani ni la upasuaji," akasema wa lishe, mdomo umejaa mkate.

Wa upasuaji akapigiwa simu kitandani. "Hilo? Hilo si la mwaka wa kwanza, bwana? Mniache na mguu wangu."

Ikawa kila mmoja amelala usingizi mnono, akijua mwenzake ndiye aliyefunga mlango.

Sasa idara ilikuwa imempa mhadhiri kijana kazi ya kuupitia mtaala upya. Naye aliwahi kukaa mbele ya ubao wa Mzee na kupiga makofi. Wenzake walimtania wakimwita Mama Mtaala, mwenyewe akaitika. Kikaoni akasema wanafunzi washuke bandani tangu muhula wa kwanza, washike, wakosee, waulizane, si kusikiliza tu.

"Wazo zuri sana," wakasema wote, na wakasema kwa moyo.

"Haya, nani anatoa vipindi?"

Hapo kila mtu akaanza kutafuta kalamu iliyoanguka chini ya kiti. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wa lishe akasema somo lake likipunguzwa, mifugo ya nchi nzima itakonda. Wa magonjwa akauliza daktari asiyeyajua magonjwa atatibu nini, mawingu?

"Wazee wangu," akasema Mama Mtaala, "ratiba si mpira. Haivutiki."

Asubuhi iliyofaa kwenda bandani, kabla ya jua kali, ilikuwa moja tu, nayo ni Jumatatu. Kila mmoja mle ndani aliliona hilo, na hakuna aliyethubutu kulitamka. Mama Mtaala mwenyewe aliinamisha kichwa. Kikao kikaahirishwa.

Nyumbani Mzee alimkuta mkewe, karani wa posta aliyestaafu, anakunja nguo. Akamweleza yote, hadi yale ya ng'ombe mahututi.

"Usiwape," mkewe akasema.

"Mbona?"

"Kwa sababu nakujua, baba watoto. Jumatatu ukirudi unaimba. Ukivua hiyo utabaki mzee kama wazee wengine."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Sasa unaogopa, halafu unaniuliza mimi?" Akakung'uta shuka. "Haya, wape. Ila usije ukanichorea kuta."

Mzee akashika ncha ya pili ya shuka wakakunja pamoja. Alikuwa akifikiria makofi yale. Miaka yote alijua somo limekwisha kwa kuutazama ubao: ukijaa, amefundisha. Waliokaa nyuma yake waliondoka na nini, hakuwahi kuuliza. Nani anauliza swali la namna hiyo huku anashangiliwa? Kamusi wa watu angetoka na shahada yake, akaitwa kwa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja tu, akamchoma dawa mnyama asiyeumwa. Na picha ya yule mwenye tumbo la kijani ingekuwa bado imo katika simu yake.

Kikao cha pili Mzee hakungoja ajenda.

"Chukueni Jumatatu."

Mkuu wa idara akavua miwani. "Mzee, unaumwa?"

"Siumwi."

"Na michoro yako?"

"Wapeni picha wakaitazame nyumbani. Wakija kwangu, waje bandani."

"Ah, Mzee umetuweza," akalalamika wa magonjwa. "Sasa sisi tutaonekana wachoyo."

"Hamtaonekana," akasema Mama Mtaala. "Mnaonekana."

Wa magonjwa akatoa kipindi kimoja, kwa shingo upande. Wa upasuaji, aliyekuja na magongo, akatoa kingine. Wa lishe hakutoa kitu, na mpaka leo mifugo haijakonda.

Muhula mpya ukaanza. Jumatatu ya kwanza Mzee alikuwa bandani mapema, kwenye mabuti, safari hii ya kwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi ngumu kuliko zote za kazi yake. Aliwaambia maneno machache tu: wamzunguke ng'ombe, wasikilize kila mahali, waambiane wanachosikia. Kisha ikambidi afunge mdomo, na mdomo uliozoea kazi haufungiki kirahisi. Mikono nayo akakosa pa kuiweka, akaificha mfukoni.

"Huku kunanguruma!" akapiga kelele mmoja.

"Huku kimya. Unasikia njaa yako wewe."

"Njoo usikilize basi, mbishi mkubwa!"

Wakabadilishana pande, wakasukumana, ng'ombe akawapisha kwa ustaarabu. Hakuna aliyemtazama Mzee. Hakuna simu iliyopanda juu. Baadaye msichana mdogo mwenye miwani, aliyechelewa kuingia, akamwendea kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye mwenye zizi? Mwalimu wetu hajafika?"

Ilimchoma, hilo lisemwe wazi. Alitazama mlango, kana kwamba kweli kuna mtu mwingine wa kuja.

"Amefika," akasema. "Lakini kwanza niambie, umesikia nini?"

"Kama lori linapita mbali."

"Ubavu gani?"

Msichana akafungua mdomo ajibu, akaufunga. "Ngoja," akasema, akarudi kumzunguka ng'ombe, kuanzia kichwani. Mzee akangoja.