Hotuba ya Bisibisi

Chuoni tulimwita Bisibisi, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Tuliposafiri kwenda mkutano wa wanafunzi wa uhandisi, uwanja wa ndege walimnyang'anya bisibisi yenyewe, akaiaga kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Hata hivyo, hotelini, nchi ya watu, alikaza kitasa cha bafu kwa ufunguo wa begi, kisha akahamia bawaba za kabati.

"Kaka, tumekuja mkutanoni, hatujaja kufanya kibarua," nikamwambia.

"Zimelegea, nami nimeziona," akajibu bila kugeuka.

Zamu yetu ya kuwasilisha mradi wa daraja ilipofika, alipanda jukwaani mbele ya maprofesa, kurasa sita za hotuba yake mkononi. Akaiegemea mimbari, ikayumba. Akaitazama. Sisi tuliomjua tukashika vichwa. Mheshimiwa mjumbe wetu akapiga magoti, akazikunja kurasa zote sita, akazisokomeza chini ya mguu uliopungua, akaitikisa mimbari mara mbili. Ikakaa tuli. Ndipo akasimama, akalieleza daraja letu kwa kichwa, mikono imetulia kama maji mtungini.

Maprofesa waliomfuata walisema mengi siku ile, wote wameegemea hotuba yake.