Ubwabwa wa Darasa la Kumi

Mama yangu hakuwahi kukalia dawati, lakini mtihani aliujua. Aliujua kwa njia ya chuo cha Kurani. Mtoto anaanza na alifu, anakula viboko vyake, anasoma mpaka anaumaliza msahafu, anahitimu, watu wanakula, mambo yamekwisha. Hakuna aliyehitimu akaambiwa arudi kukaa tena kwenye jamvi. Kwa hiyo nilipofanya mtihani wa darasa la kumi, yeye alianza kutafuta mchele mzuri.

Simcheki. Hata sisi tulioufanya hatukuuelewa sana. Miaka ile ya hamsini shule yetu pale Tanga iliishia darasa la kumi, na karatasi za mtihani zilitoka Dar es Salaam kwa watu tusiowajua, zikarudi huko huko. Tulichojua ni kwamba ukianguka umeanguka, na ukifaulu kuna milango: ualimu, uganga msaidizi hospitalini, kilimo, polisi, posta, reli, na ofisi za mashamba ya mkonge, ambako karani alivaa soksi ndefu na kupanda baiskeli. Wachache sana walichukuliwa kuendelea na darasa la kumi na moja huko bara, na hao tuliwataja kwa heshima kama mahujaji.

Mimi niliitaka ile baiskeli. Mama yeye alitaka kupumzika. Tangu baba afariki alikuwa akipika vitumbua vya kuuza kila alfajiri pale Makorora, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, na kikohozi hakimwachi. Mjomba, kaka yake, alikuwa na rafiki katika ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Pongwe, na alikwisha kuahidiwa: nikifaulu tu, kiti changu kipo. Mama akawatangazia majirani kwamba karai lake litatundikwa ukutani. Alisema hivyo mara nyingi, na kila aliposema alicheka peke yake.

Habari ikaja vipande viwili, na hapo ndipo ilipoanza shida. Kipande cha kwanza kilisema nimefaulu. Mama hakungoja cha pili. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, uwanja wetu ulijaa watu na masinia ya ubwabwa wa nazi na mchuzi wa kuku. Maalim aliyenifundisha Kurani, mzee mwembamba mwenye sauti nene, aliwekwa mahali pa heshima aombe dua. Mimi nilivishwa kanzu mpya na koti la marehemu baba lililokaribia kunifika magotini, nikaketi pale kama bwana harusi asiye na bibi.

Watu hawajatia mkono kwenye sinia, akaingia mwalimu wangu wa shule, kijana wa Kibondei kutoka Muheza. Alikuwa amekuja na baiskeli, jasho linamchuruzika, uso unang'aa kwa furaha.

"Shikamoo, mama. Hongera! Kijana amechaguliwa."

"Marahaba, baba. Kachaguliwa kazi gani?"

"Si kazi, mama. Anaendelea na masomo. Darasa la kumi na moja na la kumi na mbili, huko Tabora."

Mama alikuwa ameshika upawa. Mkono ukasimama hapo hapo.

"Kwani mtoto hakufaulu?"

"Amefaulu, mama. Amefaulu sana."

"Kafaulu sana, kisha mwamrudisha darasani?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akaona mama hacheki, akanyamaza. Nilimhurumia. Alivua viatu, akaketi mkekani, akaeleza kwa upole: anayefaulu kiasi hupewa kazi, anayefaulu zaidi hupewa kusoma. Baada ya la kumi na mbili kuna mtihani mwingine, husahihishwa Uingereza. Akifaulu na huo, labda chuo kikuu, Uganda. Alidhani anampa mama moyo, kumbe kila alipotaja mahali papya alikuwa akinisogeza mbali naye.

Mjomba alishindwa kuvumilia. "Dada, usikubali. Mtoto wa jirani kapita kwa tabu, leo yuko posta, ana meza yake. Wetu ndiye hodari, apelekwe bara akale ugali wa mtama! Kazi ipo Pongwe, hata kesho aanze."

Nami nilikuwa upande wa mjomba mpaka niliposikia kwamba nimechaguliwa. Hapo moyo ukahama. Nilitaka kwenda, nilitaka mno, hata nikainamisha uso mama asiuone. Neno lake moja la kukataa lingetosha, na mwalimu angepanda baiskeli yake akaondoka. Tena nilimwonea uchungu: ameita mtaa mzima kula karamu ya jambo ambalo halijaisha.

Mama akamgeukia maalim. "Maalim, mwanangu alipomaliza juzuu ya Amma, zile sura fupi wanazoanzia watoto, ulimwambia kahitimu?"

"A-a. Nilimwambia aendelee na Tabaraka, juzuu inayofuata."

"Na siku ile tulipika?"

"Mlipika. Ubwabwa kidogo, wakala watoto wa chuo."

Mama akavuta pumzi. "Basi kuleni, jamani," akasema. "Nilikosea jina la karamu tu. Huu ni ubwabwa wa juzuu. Msahafu bado."

Mjomba alifungua kinywa, mama akamsogezea sinia. Maalim akaomba dua, ndefu kuliko kawaida yake, na watu wakala mpaka ukoko.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka, tulikaa mimi na mama uwanjani kusugua masufuria kwa mchanga.

"Huo mtihani wa huko bara," akasema, "ukianguka, utarudi hapa ufanye kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukifaulu?"

"Watanipeleka mbali zaidi."

Akaendelea kusugua sufuria lililokwisha kung'aa. Nilimpenda sana wakati ule, hata nikashindwa kumtazama.

"Haya," akasema. "Faulu."