Mzee Juu ya Farasi

Nilimhudumia Mzee kwa miaka minne, kwenye ghorofa ya tatu huko Anderlecht. Alikuwa Mmarekani, mwigizaji wa sinema aliyestaafu, aliyehamia kwa mkewe Mbelgiji na kubaki peke yake mkewe alipofariki. Hakuwa staa. Kwa miaka arobaini aliigiza watu wa pembeni: mwenye duka, karani wa posta, jirani anayefungua mlango na kusema hajaona kitu. Aliniambia kazi yake ilikuwa kumsikiliza staa vizuri, ili watazamaji waamini staa anasema jambo la maana.

Siku ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kumwona. Nilihitaji kazi. Nikasema ndiyo, nyumbani Morogoro, kwenye banda la video. Sinema gani? Nikasema ile ya farasi.

"Nilipanda vizuri?"

"Vizuri sana, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilidhani ni furaha.

Kila nilipomnyoa ndevu nilijiambia leo nitasema ukweli. Naye hakuniacha nisahau: akija muuguzi, au fundi wa lifti, alinitambulisha kuwa shabiki wake kutoka Afrika, nami nikainamisha kichwa. Kisha akalazwa hospitali, na siku ya tano akafa kabla sijamwambia.

Binti yake alikuja kutoka Marekani. Tulikuwa watu saba kwenye ukumbi wa kuchomea maiti. Kwetu marehemu haagwi bila wasifu wake kusomwa: alipozaliwa, kazi alizofanya, ugonjwa, watoto aliowaacha. Nikadhani ni hivyo kila mahali, na kwamba aliyemuuguza lazima aje na karatasi. Nikaandika kurasa mbili kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Kumbe hakuna aliyekuwa akiningoja. Muziki ulipoisha nikasimama. Msimamizi akatazama saa, lakini binti akamwashiria aniache.

Nikasoma alikozaliwa na alikosoma. Nilipofika kwenye kazi zake, nikasema sikuwahi kumwona katika sinema yoyote. Nilimdanganya nipate kazi, na sikutaka wasifu wake usomwe na uongo huo ukiwa bado ndani yangu. Nikakaa.

Binti akahamia kiti cha jirani yangu.

"Baba aliogopa farasi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hakupanda hata mmoja maisha yake yote. Alinipigia simu siku ile ile uliyoanza kazi. Akasema, 'Nimepata mfanyakazi. Kuigiza hajui kabisa, lakini amenipandisha farasi.'"

Alinishika mkono, tukatazama mbele, jeneza likaanza kusogea.

Ukurasa wa pili, ule wa ugonjwa, sikuusoma. Niliukunja nikautia mkobani, nikashuka chini ya ardhi kupanda treni ya metro na watu wengine.