Mwalimu Aliyefundisha Kunyamaza

Mwalimu Lamjed Ellouze aliwafundisha maprofesa kufanya biashara. Kwa kuwa sisi watu wa Sfax, mji wa biashara hapa Tunisia, huambiwa tumezaliwa na mizani mkononi, mtu angedhani kazi hiyo ni mteremko. Haikuwa. Mtu aliyesoma miaka ishirini hapendi kuambiwa kwamba wazo lake halina mnunuzi. Mimi Naziha, karani wa ofisi yake pale chuoni kwa miaka kumi na saba, niliwaona wakiingia vifua mbele na kutoka wamenywea.

Somo la kwanza hakulifundisha darasani. Aliwapeleka soko la samaki asubuhi, kila mtafiti amweleze muuzaji mmoja uvumbuzi wake, bila picha wala michoro. Nakumbuka profesa mmoja wa kemia, tai shingoni, alizungumza nusu saa nzima mbele ya meza ya pweza. Muuzaji akamwagia samaki wake maji, akamtazama.

"Profesa, tangu uanze kusema samaki wangu wameanza kunuka, na wewe bado uko kwenye salamu. Unauza kitu, au leo ni hotuba ya Ijumaa?"

Lamjed alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwambia yule profesa, kwa upole aliokuwa nao kwa watu walioaibika, "Mwenzako hataki kujua umesoma wapi. Anataka kujua samaki wake watakaa siku ngapi zaidi. Anzia hapo."

Somo la pili ndilo alilolipenda, nalo lilikuwa kufunga mdomo. Kuna hati inaitwa hataza, inayosema wazo hili ni la fulani na mwingine asilitumie bila ruhusa yake. Ukilitangaza wazo kabla ya kuwasilisha maombi ya hati hiyo, umekwisha; limekuwa la kila mtu. Watafiti wetu riziki yao ni kusema. Wakigundua jambo leo, kesho wako mkutanoni wakilieleza. Lamjed aliwakataza kumwambia mke, mama, hata kinyozi. "Hasa ndugu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Alikuwa na sababu. Katika ujana wake alitengeneza rangi ya kuzuia kutu kwenye mashua, kazi ya miaka sita. Wiki moja kabla ya kupeleka maombi, kaka yake Ridha, kwa fahari tu, alimsimulia mwandishi wa gazeti la mji jinsi mdogo wake anavyoichanganya. Habari yenyewe ilikuwa mistari minane. Maombi yakakataliwa kwa sababu ya mistari hiyo minane. Ridha alilia, akaomba radhi mbele ya mama yao, Lamjed akasema amesamehe. Lakini hakumwalika kwenye harusi ya binti yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Lamjed aliwaona ndugu wote kuwa unyasi.

Basi akaja Sihem Rekik. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mdogo wa umbo, mwenye kucha zilizokatwa hadi nyamani kwa ajili ya maabara. Katika yale maji meusi yanayobaki baada ya kukamua zeituni, yale tunayoyalaani kwa harufu kila msimu, alikuwa ametoa unga. Ukimpaka samaki unga ule, anakaa siku nne bila barafu na nyama yake haijalegea. Pale sokoni alitumia sentensi mbili tu. Muuzaji wa pweza akamuuliza, "Unaleta lini?" Miaka yote ile sikuwahi kumsikia muuzaji akiuliza hivyo. Lamjed alirudi ofisini amesahau kofia yake sokoni.

Karatasi za hataza zikaandaliwa. Zilikosa kitu kimoja, sahihi ya mkuu wa chuo, maana kazi ya maabara ni mali ya chuo pia. Mkuu alikuwa Makka kwa umra. Na hapo ndipo mambo yalipobana, kwa sababu utetezi wa tasnifu ya Sihem ulikuwa umepangiwa Jumatano ile, na mmoja wa wanajopo alikuwa anaondoka kwenda ng'ambo hadi mwakani.

Kwetu utetezi ni harusi. Mlango uko wazi, shangazi wanajaa viti vya nyuma, simu zinarekodi, na jopo likishamtangaza mtu kuwa daktari watu wanapiga vigelegele na masinia ya peremende yanapita. Hayo yote Lamjed aliyafuta. Akaandika barua, chuo kikakubali: utetezi wa faragha, jopo peke yake, na kila mmoja wao atie sahihi karatasi ya kutunza siri.

Sihem alikuja ofisini siku mbili kabla. Hakukaa.

"Mwalimu, baba yangu ni mgonjwa wa mapafu. Daktari ameshatuambia tusihesabu miezi. Anataka kunisikia mara moja tu. Shangazi zangu wote wabaki nyumbani, sina neno. Mwache yeye."

"Binti yangu, ukimwacha mmoja umeacha mlango wazi."

"Ni baba."

"Hata mimi aliyenimaliza alikuwa kaka."

Alipotoka nilimwambia Lamjed wazi, maana mimi si mtu wa kumeza maneno. "Karatasi za kutunza siri zimejaa kwenye droo yangu. Mpe mzee moja aweke sahihi, aingie, yaishe."

"Bi Naziha, huyo ni mzee wa kinu cha kukamulia zeituni. Miaka arobaini anasukuma mawe yake. Hajui hata kusoma, atasaini nini? Atatoka pale, atakaa mkahawani, na kufika magharibi mji mzima unajua."

Ningeweza kubisha zaidi. Sikubisha. Na mimi hilo nitaulizwa.

Jumatano Mzee Khemais Rekik alikuja vilevile. Suti ya kahawia iliyompwaya, kofia nyekundu imepigwa brashi, na sinia la baklawa, vile vitamu vya lozi na asali, lililofunikwa kitambaa, mke wake kakesha akiitengeneza. Sihem alimbusu paji la uso, akaingia, mlango ukafungwa. Nikamletea mzee kiti cha plastiki. Alikaa sinia likiwa magotini, akipumua kwa sauti, na kila alipotaka kukohoa alijiziba kwa leso ili asiwasumbue walio ndani.

Mwanafunzi mmoja akapita, akamwona anavyohema. "Hajj, unamngoja daktari? Hospitali ni lile jengo la pili."

"Namngoja daktari, ndiyo," mzee akasema. "Lakini huyu wa kwangu bado wanampika humo ndani."

Akacheka mwenyewe, kikohozi kikamshika, nikampa maji. Alikaa saa tatu kasorobo. Sauti ya Sihem ilisikika kama ya mtu aliye nyumba ya jirani, inapanda na kushuka, neno hata moja halishikiki. Mzee aliinamisha kichwa upande wa mlango. Mara mbili nilimwona akitikisa kichwa kukubali, na sijui alikuwa anakubali nini. Lamjed alipita koridoni, akamsalimu kwa heshima zote, mkono kifuani, akaenda zake. Siku ile nilimchukia, mtu niliyempenda kama ndugu yangu.

Mlango ulipofunguliwa Sihem alimwangukia baba yake shingoni.

"Umesema vizuri?"

"Nimesema vizuri, baba."

"Basi," akasema, akafunua sinia, akaanza na wanajopo.

Siku ya kumi na moja akafariki. Wakati huo mkuu wa chuo alikuwa amesharudi, ametia sahihi, maombi yamepokelewa bila doa. Lamjed alikuwa ameshinda. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alilisema neno hilo ofisini, "Naziha, tumeshinda," na simu ya msiba ikaingia saa hiyohiyo.

Tulikwenda kutoa pole siku ya tatu. Nyumba yao iko nyuma ya kinu, na msimu ulikuwa umeanza. Harufu ya maji meusi imetanda mpaka kwenye vyungu vya kuskusi ya ngano ambavyo majirani walileta. Mama Chedlia, mjane, alitukalisha na kutupa maji ya maua ya mchungwa. Hakuwa na uchungu na mtu. Alikuwa anazungumza tu, kama wafiwa wanavyozungumza, akimtafuta mumewe ndani ya maneno.

"Aliporudi siku ile nilimuuliza, wamesema nini juu ya maji yako? Akaniambia, walifunga mlango. Nikamwambia, wamefungaje, na maji ni yako? Akasema wasomi wana taratibu zao, tusimharibie mtoto."

Lamjed aliweka kikombe chini. "Maji yake?"

"Si ndiye aliyemwonyesha? Sihem wakati huo ana miaka sita. Baba yake alikuwa akiloweka samaki kidogo mle, anampa aonje: onja, huyu ana siku nne. Wenzake kinuni walimcheka, wakasema anakula takataka. Hakumwonyesha mtu mwingine tena. Miaka ishirini na tatu, siri ile ikabaki humu ndani tu."

Sihem alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Lamjed akamgeukia, na sauti yake sikuijua. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nani atanunua, Mwalimu. Uliniuliza nani nimemwambia. Nani amenipa, hukuniuliza."

Nje mawe ya kinu yalikuwa yanazunguka.

Wiki iliyofuata tulirudi, mimi na yeye. Lamjed alikuwa amehangaika ofisi tatu kupata fomu ya kuongeza jina la mvumbuzi, ili la Mzee Khemais liwe juu, kabla ya la binti yake. Jina alikuwa ameshaliandika mwenyewe kwa herufi nzuri. Aliitandaza fomu juu ya meza ndogo ya chai, akawaeleza mstari kwa mstari, taratibu, kama alivyowaeleza watafiti wake kwa miaka yote. Na kwa mazoea tu, kidole chake kikashuka chini ya ukurasa.

"Na hapa, mvumbuzi anatia sahihi yake."

Alisikia alichosema, kidole kikiwa bado pale. Akaanza kueleza haraka kwamba sheria inaruhusu warithi, kwamba mjane anaweza kuweka dole gumba, kwamba wino anao kwenye mkoba.

Mama Chedlia aliitazama ile nafasi tupu.

"Wa dole gumba ni mimi," akasema. "Yeye alijua kuandika jina lake. Alijifunza ukubwani, kwa ajili ya karatasi za shule za Sihem."