Mbio za Mdogo Wangu Kando ya Mto Rau

Nyumba ya wazazi wetu iko Rau, karibu sana na msitu. Asubuhi tukiamka tunasikia mbega kabla ya majogoo. Baba na mama si watu wa huku. Walitoka Singida wakiwa vijana, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na baba alipostaafu wakajenga hapo badala ya kurudi kwao. Mimi na mdogo wangu wa kike tumekulia kambini kwenye miwa. Kichagga chetu ni cha sokoni, na mpaka leo tukizungumza wazee wanajua hatukuzaliwa mlimani.

Kukimbia nilianza mimi. Nilikuwa nachomelea mageti kwenye karakana mjini, nikaanza kuota kitambi, nikaamua kila alfajiri nitoke kidogo kabla ya kazi. Mdogo wangu alikuwa amemaliza sekondari, anamsaidia mama kuuza nyanya soko la Kiboriloni. Siku ya kwanza alinifuata kwa utani tu, na kandambili zake ameshika mkononi. Tulipofika kwenye mvule mkubwa mimi nilikuwa nimeinama, nimeshika magoti, natafuta pumzi. Yeye alikuwa bado ananisimulia habari za jirani.

Baada ya hapo tulikwenda pamoja karibu kila siku. Njia yetu ilianzia msituni, ambako ardhi ni laini kwa majani yaliyooza na kuna ubaridi hata Februari. Mto unakuwa upande mmoja; mahali pengine unauona, pengine unausikia tu. Kisha miti inakwisha ghafla, jua linakupiga usoni, na mbele yako ni majaruba ya mpunga. Hapo tulikimbia juu ya tuta la mfereji, mmoja mbele mwingine nyuma, tukavuka mto penye mawe, tukaingia kwenye mbuga ambako maji ya masika hutandaa na baadaye udongo mweusi hupasuka kama sahani iliyoanguka. Tulikuwa tunageuka huko na kurudi tukiutazama mlima, kama mawingu hayajaufunika. Wakati wa kurudi mdogo wangu alikuwa ananiacha. Hakuwa anafanya makusudi. Alikuwa anashindwa kwenda polepole.

Mwalimu mmoja mstaafu wa michezo alimwona hapo kwenye majaruba. Alikuja nyumbani siku ya Jumapili, amevaa koti, akazungumza na wazazi kama mtu aliyekuja kuposa. Alisema kuna kambi upande wa Arusha ambako wasichana wanalala, wanakula na kufundishwa mbio, na kwamba yeye atampeleka mwenyewe. Baba alimuuliza kama kukimbia ni kazi. Mwalimu hakubishana naye. Alimwomba tu aje siku moja kutazama.

Baba akaja. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji na fimbo yake, akamwona binti yake akitokea mbali kabisa, mdogo kama ndege, akakua, akapita mbele yake na kupotea msituni. Tulipofika nyumbani baba alimwambia mama amtafutie mtoto begi.

Ilikuwa masika, na ilikuwa imebaki wiki moja tu aondoke. Rau hapakuwa na mvua asubuhi ile, ila huko juu mlimani palikuwa peusi. Tuliliona lile wingu wote wawili. Tulivuka penye mawe na maji hayakufika hata magotini. Tuliporudi mto ulikuwa umebadilika rangi, umejaa, unabeba magogo. Nikamwambia tuzungukie daraja la juu. Alikubali, na tulikuwa tumeshaanza kwenda tuliposikia mtu anaita.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, wa huko juu migombani. Akina mama wengi wa mlimani hushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, na yeye alikuwa ameshamaliza, akajaribu kuvuka na mzigo wake. Mzigo ulikuwa umekwenda na maji. Yeye alikuwa ameng'ang'ania tawi la mti ulioanguka, maji yanamfika kifuani.

Nilianza kutafuta mti mrefu wa kumnyooshea. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa ameshaingia mtoni.

"Kaka, nishike mkono," alisema.

Nikashika mzizi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikamshika yeye. Alijinyoosha mpaka akamfikia yule mama, akamshika gauni begani, akaanza kumvuta. Hapo mguu wake ulinasa katikati ya mawe, na maji yakamgeuza mwili. Sikusikia chochote kwa kelele za mto, ila niliuona uso wake. Hakuliachia lile gauni. Aliendelea kuvuta mpaka yule mama akashika nyasi za ukingoni, ndipo akaniambia, "Mguu wangu."

Nilimnasua kwenye mawe, nikambeba mgongoni kwa njia ya daraja. Yule mama alitufuata nyuma, analia kimya kimya, mundu wake bado mkononi.

Hospitali walimfunga hogo la plasta kutoka vidoleni hadi gotini. Mwalimu alikuja kumwona, akakaa kwenye benchi muda mrefu, akasema tusubiri. Kambi haikuweza kusubiri. Nafasi ile alipewa msichana mwingine, wa Kwa Sadala. Hogo lilipotolewa, daktari alimweleza mdogo wangu kwamba mfupa umeunga lakini kifundo hakitarudi kama zamani. Alimsikiliza vizuri, akamshukuru. Wiki chache baadaye alinigongea mlango alfajiri, tukaingia msituni. Kabla hatujaufikia mvule akasimama.

"Turudi," alisema.

Tukarudi kwa miguu. Siku ile hakunisimulia habari za mtu yeyote.

Yule mama alitutafuta mpaka akatupata. Alikuja na mkungu wa mchare kichwani, akaomba msamaha mbele ya wazazi wetu. Mdogo wangu alimwamkia shikamoo, akamwambia ndizi atazipokea kwa mikono miwili, lakini msamaha hakuna wa kuombwa hapa. Tangu hapo hushuka mara kwa mara. Wanakaa jikoni na mama, wanamenya, wanacheka. Mimi nilichukua muda mrefu kuweza kukaa nao. Nilikuwa nikimwangalia yule mama anavyokula, mzima, na nilikuwa namfurahia na papo hapo nauangalia mguu wa mdogo wangu.

Miaka ikapita. Mchana mmoja nikiwa karakanani nilimsikia kwenye redio yule msichana wa Kwa Sadala, ameshinda mbio huko nje. Nilizima mashine nikasikiliza mpaka mwisho. Jioni nikaenda nyumbani nikiwa sijui nitamwambiaje mdogo wangu. Alikuwa ameshajua. Alikuwa anakata vitunguu.

"Amekimbia vizuri," alisema.

Nikamuuliza nilichokuwa sijawahi kumuuliza, kama huwa anajuta. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono; kwa vile vitunguu sikuweza kujua kama analia.

"Najuta mguu wangu, kaka. Siku nyingine naota nakimbia, nikiamka nauona. Lakini yule mama simjutii. Naomba usivichanganye."

Najitahidi kutovichanganya. Ila asubuhi nikifika pale mtoni bado naliona lile wingu, na bado nafikiri tungeweza kugeuka. Halafu nakumbuka kwamba tungegeuka, pangekuwa hakuna mtu wa kumsikia yule mama akiita. Hesabu yangu huishia hapo kila mara.

Siku hizi mdogo wangu ana kibanda chake Kiboriloni, mume, na binti mdogo. Huchechemea kidogo wakati wa baridi. Mto nao umekula ukingo, na penye mawe pale hapavukiki tena. Kiangazi kilichopita, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kurudi kwa miguu, alikuja nami msituni, anatembea. Tulikwenda mpaka miti inapokwisha. Alisimama kivulini akaangalia majaruba, wavunaji wakiwa wameinama, njiwa wakishuka nyuma yao. Nilifikiri atasema kitu. Aliangalia saa, akasema mzigo wa nyanya utakuwa unakaribia kufika sokoni.

"Wewe kimbia tu," aliniambia. "Tutaonana nyumbani."

Nikakimbia juu ya tuta mpaka nilipojua hanioni tena, kisha nikatembea.